Dawa Aliyoisubiri Mwanaamina

Kwao Maneromango, panya ni adui. Huingia ghalani wakamaliza mahindi, hutoboa viroba vya makopa ya mihogo, na mtu anayewaua wengi husifiwa barazani. Ndiyo maana Mwishehe alipopata kazi ya kutunza panya kwenye maabara ya utafiti kule Zegereni, Kibaha, watu wa nyumbani walicheka mpaka wakashika mbavu. Kijana amesomea mifugo, wamemngojea arudi na habari za ng'ombe wa maziwa, kumbe anawatandikia panya vitanda! Jina likamganda palepale: Mfuga Panya.

Usoni aliyachukulia maneno hayo kwa mzaha. Moyoni yalimchoma, hasa kwa sababu ya dada yake, Mwanaamina. Mama yao alifariki Mwishehe akiwa bado hajajua kufunga vifungo vya shati. Mwanaamina, aliyekuwa mwari aliyetoka kuolewa, alimchukua akamlea pamoja na wanawe. Mume alipofariki hakurudi nyuma. Alilima mihogo, aliuza mananasi kando ya barabara, mpaka mdogo wake akapata cheti chake cha mifugo. Watu walipomcheka, Mwishehe aliona kama wanayacheka mananasi yale.

Kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Panya wale walizaliwa bila kinga yoyote mwilini. Chafya moja ya mtu mwenye mafua ingeweza kuwamaliza wote. Kwa hiyo kila asubuhi Mwishehe alioga kwanza, akavaa ovaroli safi, barakoa na glavu, ndipo akaingia. Chakula chao, maji yao, hata maranda waliyolalia, vyote vilipitishwa kwenye mvuke mkali kuua vijidudu. Walipokuwa wachanga walipandikizwa chembe zilizotoka kwenye damu ya vitovu vya watoto, damu ambayo kina mama waliojifungua walikubali itolewe kwa ajili ya utafiti. Chembe zile zilikua ndani ya panya zikawa kinga kama ya binadamu. Kwa nje ni panya mweupe mwenye macho mekundu. Ndani, walinzi wa damu yake ni wa watu.

"Kwa nini tusitumie panya wa kawaida?" Mwishehe aliuliza siku za mwanzo.

Aliyemjibu ni Daktari Hajira, mkuu wa utafiti, mwanamke mwenye sauti ya chini ambaye hakuona tabu kumweleza mtu jambo mara mbili. "Kuna walinzi katika mwili wetu wanaoamka wakionyeshwa mafuta ya aina fulani," alisema. "Si mafuta ya kupikia. Ni yale yaliyomo kwenye ganda la bakteria. Walinzi hao wakiamka vizuri, wanaweza kuishambulia saratani. Sasa, panya wa kawaida hana baadhi ya walinzi hao, na wengine anao kupita kiasi. Unaweza ukaona mafuta yamemponya yeye kabisa, ukayapeleka kwa mtu yakawa kama maji ya kunywa. Hawa wetu angalau wana cha kufanana na sisi."

"Angalau," Mwishehe alirudia.

"Ndiyo, angalau. Kwa hiyo ukitoka nje ya geti usitaje neno dawa, Mwishehe. Sema tunatafuta. Watu wana wagonjwa majumbani."

Alimwelewa. Akaitikia, na kwa muda mrefu akalishika agizo hilo.

Walijaribu mafuta ya kila namna, yaliyotolewa kwenye bakteria wa udongo, na mengi hayakufanya lolote. Kisha yakaja mafuta ya aina moja. Panya waliokuwa na uvimbe wa saratani chini ya ngozi, uvimbe mkubwa kama punje ya korosho, walichomwa sindano ya mafuta yale. Mwishehe ndiye aliyekuwa akiwashika wakati wa kupimwa. Alihisi kwa vidole vyake mwenyewe uvimbe unapungua, ukawa kama kunde, ukawa kama mtama, ukapotea. Siku ile hata Daktari Hajira alitabasamu waziwazi. Mwishehe alirudi kwake Visiga na pikipiki yake huku akipiga honi bila sababu.

Idi ikaangukia wiki hiyohiyo.

Mwishehe alikwenda nyumbani, akapitia Kiluvya hadi Kisarawe, na kutoka hapo hadi Maneromango, vumbi limemjaa na zawadi zimefungwa nyuma ya pikipiki. Baada ya swala watu walikaa barazani kwa Mwanaamina wakila pilau. Haikuchukua muda mmoja wao akaanza: "Mfuga Panya, hao ng'ombe wako wa mkia mrefu hawajambo?" Wakaangua kicheko.

Angeweza kucheka nao kama siku zote. Badala yake akaweka tonge chini.

"Chekeni tu," alisema. "Panya wangu wanapona saratani."

Kicheko kikakatika. Mtu mmoja akauliza, "Wallahi?"

"Wallahi. Nimeushika uvimbe kwa mkono huu. Ulikuwa kama korosho. Leo haupo."

Hakuna aliyewahi kumsikiliza namna ile. Wazee walisogeza mikeka karibu. Waliokuwa wakila waliacha kutafuna. Mwishehe akaona utamu wa kusikilizwa, akaendelea, akaeleza sindano, akaeleza udongo, akaeleza walinzi wanaoamka. Mwanaamina alikuwa amesimama kwenye kizingiti na sinia mkononi, kanga ameipitisha begani, akimtazama.

"Na hiyo dawa watu wataipata lini?" aliuliza dada yake.

"Siku si nyingi, dada," Mwishehe alijibu. "Na ikitoka, sisi ndio wa kwanza."

Alisema hivyo kama mtu anavyomwambia mgeni karibu tena. Kabla hajafika Visiga jioni ile alikuwa ameshasahau.

Yaliyotokea maabara baada ya hapo hakuyasimulia popote. Walipoyajaribu mafuta yale kwa kundi jingine la panya, uvimbe ulipungua kweli, lakini panya wenyewe wakaanza kukunja migongo. Manyoya yakawasimama, wakakataa kula, wakajikusanya pembeni mwa vizimba. Walinzi walikuwa wameamka kupita kiasi, sasa wanashambulia maini ya panya walewale waliopaswa kulindwa nao. Na hata wale wa kwanza, waliopona, hawakuachwa. Utafiti hauishi mpaka mtu amfungue panya atazame wengu na ini na mapafu. Mwishehe ndiye aliyewaweka kwenye sanduku la gesi, mmoja baada ya mwingine, kwa upole kama alivyofundishwa, akingoja watulie. Aliwafahamu. Mmoja alikuwa na kidoa sikioni.

Mvua za masika zilikuwa zimeanza Maua alipompigia simu. Maua ni binti wa Mwanaamina, ameolewa kijiji cha jirani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Hamjambo huko?"

"Mama hayuko vizuri," Maua alisema. "Nimekwenda kumfulia nguo nikakuta kanga ina usaha na damu. Nimembana mpaka kanionyesha. Ni ziwa, mjomba. Limekuwa gumu kama jiwe na ngozi imepasuka."

Mwishehe alikaa chini palepale, kwenye ngazi za ghala la chakula cha panya. "Tangu lini?"

"Anasema kijivimbe alikiona kabla ya Idi."

"Sasa mbona hajakwenda hospitali?"

"Hataki. Nimemsihi, nimelia, hataki. Anasema anakusubiri wewe. Anasema una dawa, uliahidi mbele ya watu. Anaogopa akienda hospitali watalikata, na dawa yako hailikati. Mjomba, hiyo dawa iko wapi?"

Mwishehe alisema atakuja, akakata simu. Idi imepita, mihogo imevunwa, korosho zimeokotwa na kuuzwa, na siku zote hizo dada yake alikuwa akiamka asubuhi, anajigusa, anajiambia subiri, Mwishehe ataleta. Wala hakumpigia kumkumbusha. Pengine aliona si adabu kumharakisha mtu mwenye kazi kubwa.

Alimwendea Daktari Hajira akamweleza yote, pamoja na lile neno alilokatazwa. Aliposhindwa kujizuia, akauliza alichojua hakiulizwi.

"Daktari, yale mafuta. Hata kidogo tu. Hana cha kupoteza."

Daktari Hajira alivua miwani. Hakumkemea, na Mwishehe alitamani angemkemea. "Anacho cha kupoteza. Uliwaona wale wa kundi la pili. Ulikuwa ukiwashika wewe. Nikimchoma dada yako leo, siwezi kukuambia kama namponya au namuua, na huo si utabibu. Hospitali wana dawa zinazojulikana. Si nzuri, zinaumiza, lakini zinajulikana. Nenda ukamchukue. Nenda sasa hivi, ruhusa nitaiandika mimi."

Akafika Maneromango mchana, matope yamemfika magotini. Mwanaamina alikuwa ameketi jikoni akimenya mihogo kwa mkono mmoja. Mkono wa kushoto ameubana ubavuni. Alikuwa amekonda. Alipomwona mdogo wake uso ukafunguka, akatazama mikono yake, kisha mfuko wa koti lake, kisha mikono tena.

"Umekuja nayo?"

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Umekuja nayo?"

"Hakuna dawa, dada."

Alitabasamu kama mtu anayetaniwa. "Bado haijatoka?"

"Hakuna. Haipo. Nilisema vibaya siku ile."

Tabasamu likaondoka polepole. "Uliapa, Mwishehe. Wallahi ulisema."

"Niliapa kwamba panya wamepona. Kweli walipona. Lakini mtu siyo panya, hata panya akiwekewa damu ya mtu. Yale ni majaribio tu."

"Unaninyima." Alisema kwa sauti ya chini kabisa. "Wamekukataza, basi unaogopa kazi yako. Sema tu. Nimekulea mwenyewe, nikikutazama najua unapoficha."

Hilo ndilo lililomvunja. Alipiga magoti kwenye sakafu ya udongo, mbele ya maganda ya mihogo, akamwambia kila kitu. Alimwambia kuhusu kundi la pili lililokunja migongo. Alimwambia kuhusu sanduku la gesi. "Wale niliowasifia barazani, dada, hakuna hata mmoja aliye hai. Nimewaua mimi. Siku ile ya Idi nilikuwa nimeshajua kwamba nitawaua nikirudi kazini, na sikusema."

Mwanaamina aliweka kisu chini. "Kwa hiyo walipona ili wafe."

"Ndiyo."

"Na mbona hukuyasema haya?"

Mwishehe alikuwa na visingizio vingi alivyovipanga njiani. Havikutoka. "Nilipenda mlivyonisikiliza," alisema.

Dada yake aliinua kisu, akamalizia muhogo aliokuwa ameushika, akautia kwenye sufuria yenye maji, akainuka kwa tabu akaenda nje. Mwishehe alimsikia akiwaita kuku, akiwamwagia chenga za mahindi, kama mtu asiye na haraka ya chochote. Aliporudi alisimama mlangoni.

"Mpigie Maua aje kukaa na nyumba," alisema. "Na wewe inuka hapo chini, suruali inachafuka."

Katika hospitali ya saratani mjini walipanga foleni mpaka mchana. Daktari aliyempokea, mwanamume kijana, alimfunua kifua akamtazama, Mwishehe akiwa amesimama nyuma ya pazia. Kisha yule daktari akauliza, kwa uchungu zaidi ya ukali, "Mama, mbona mmechelewa hivi? Mngekuja mapema ingekuwa kazi ndogo."

Mwishehe alifungua pazia. Alikuwa ameazimia kusema ni mimi. Lakini Mwanaamina alimtangulia.

"Shamba lilinishika, mwanangu," alisema. "Korosho ukiziacha zinaoza."

Daktari akaandika. Mwishehe akabaki ameshika pazia. Baadaye nje, kwenye benchi, alimwuliza dada yake kwa nini alisema uongo.

"Ulitaka nimwambie mtu asiyetuhusu mambo ya nyumbani kwetu?" alijibu Mwanaamina. Alikuwa amefumba macho kwa uchovu. "Uchungu wako ni wako. Usiugawe kwa watu ili upungue."

Walimpa dripu za dawa kali kwanza, nyingi, ili uvimbe upungue. Nywele zilimtoka akafunga kilemba. Alitapika, kucha zikawa nyeusi, kuna siku alimfukuza Mwishehe wodini kwa kumletea supu aliyosema inanuka. Kisha wakalikata ziwa. Alipozinduka aliuliza tu kama limezikwa, na Mwishehe, ambaye hakujua, alikwenda kuulizia akarudi akamwambia limeshughulikiwa vizuri. Baadaye wakamwanzishia mionzi. Madaktari walisema mitoki, yaani tezi za kwapani, ilikuwa imeshaingiliwa na saratani, kwa hiyo hakuna wa kuapa. Atakuwa anarudi kupimwa, na Mungu ndiye ajuaye.

Alirudi Maneromango akiwa hai. Mkono wa kushoto ulivimba na jembe haukulishika tena.

Basi Mwishehe akawa anakuja kila mwisho wa juma. Kazi maabara hakuiacha. Alifikiria kuiacha, akaona kuacha nako kungekuwa njia ya kujitafutia sifa. Alikuwa akifika asubuhi, anasalimia, anachukua jembe moja kwa moja shambani. Alilima mihogo, alifyeka chini ya mikorosho, alipalilia mpaka viganja vikachubuka. Siku moja Mwanaamina alimfuata shambani akiwa na kikombe cha uji, akasimama kivulini akimtazama anavyoukita udongo.

"Mwishehe."

"Naam, dada."

"Ukija, njoo kuniona. Usije kulima. Unalima kama mtu aliyefungwa." Akampa uji. "Nimekusamehe tangu siku ile jikoni. Sikukuambia kwa sababu nilikuwa bado na hasira, nikasema akae na kosa lake kidogo."

Mwishehe alishika kikombe. Alikuwa amelisubiri neno hilo, na lilipokuja halikumshibisha.

"Lakini liko jambo," aliendelea Mwanaamina. "Siku ile ya Idi sikukusikia peke yangu. Baraza lilijaa. Umeshawahi kufikiri wengine walikwenda nyumbani na nini?"

Hakuwa amefikiri. Alijiona amemkosea dada yake, na kosa hilo lilikuwa kubwa kiasi kwamba hakutazama nyuma yake. Mwanaamina akamtajia majina, nyumba kwa nyumba, na alasiri ile ile Mwishehe akaanza kuzunguka. Kwingi walimpokea kwa mshangao. Wengine walikuwa hawakumbuki. Mmoja alicheka akasema yeye hakuyaamini hata punje. Mwanamke mmoja alimsikiliza mpaka mwisho, akasema ana shangazi yake huko Mzenga mwenye uvimbe, akaingia ndani kupiga simu bila kumuaga.

Mwisho alifika kwa Mzee Amiri, mmoja wa wazee waliokuwa barazani siku ile. Aliyemkaribisha ni Hashiru, mwanawe, mtu mzima wa rika la Mwishehe, aliyekuwa akisuka kamba ya mkonge uani.

"Mzee yupo?"

Hashiru aliacha kusuka. "Kumbe dada yako hakukuambia. Baba tumemzika kabla ya masika. Koo. Mwishoni hata maji alikuwa hamezi."

"Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un," Mwishehe alisema.

"Alikuwa akikuulizia sana," Hashiru alisema. "Kila akisikia pikipiki inapita, 'Huyo siye Mwishehe?' Tukimwambia siye, ananyamaza."

Mwishehe alikaa kwenye kinu kilicholazwa. "Alinitakia nini?"

"Sijui. Mimi sikuwepo Idi ile, nilikuwa Mlandizi. Nilidhani wewe ndiye unajua."

Angeweza kusema hajui. Mzee Amiri alikuwa mtu wa watu, huenda alitaka salamu tu, huenda alitaka kumtania. Mwishehe aliifikiria njia hiyo, akaiona iko wazi kabisa mbele yake. Kisha akamweleza Hashiru: panya, uvimbe, kiapo, siku si nyingi. Alieleza bila kujitetea, na alipomaliza hakujua kama baba yake Hashiru alimsubiri au hakumsubiri, na akasema hivyo pia.

Hashiru alikuwa akizungusha nyuzi za mkonge kwenye kidole. "Sisi tulimwambia twende hospitali," alisema. "Alikuwa anasema bado. Bado, bado. Hakusema anasubiri nini." Alinyanyua macho. "Sasa unaniambia haya ili nifanye nini, Mwishehe?"

"Sijui."

"Mimi pia sijui."

Walikaa hivyo mpaka adhana ya magharibi ikasikika. Hashiru aliinuka, akachota maji ya kutawadha, akamimina kwenye birika lake. Kisha akachota mengine, akamsogezea Mwishehe bila kumtazama, wakaongozana kwenda msikitini, mmoja mbele, mwingine nyuma.